Sahani ya Samaki na Amana ya Mlaji

Watu wa miji mingi hujivunia nyumba fulani ya kulia samaki iliyodumu miaka mingi, wakasema kuwa baba zao walikula humo kabla yao, na kwamba watoto wao watakula humo baada yao. Maneno haya ni mepesi kinywani, lakini ndani yake mna swali zito. Paa la nyumba hiyo limekwisha kubadilishwa, mpishi wake wa kwanza amekwisha kuzikwa, samaki waliopikwa jana sio waliopikwa leo, wala mlaji wa asubuhi hajuani na mlaji wa jioni. Kama kila kitu kimebadilika, ni kitu gani basi kilichodumu? Haitoshi kujibu kuwa limedumu jina, kwa sababu jina laweza kuuzwa na kununuliwa kama meza na viti. Nasadiki kuwa kilichodumu ni ahadi. Ahadi isiyoandikwa, ambayo mwenye nyumba humpa kila aingiaye, kwamba kitakachowekwa mbele yake hakitamdhuru. Nataka kuichunguza ahadi hiyo katika makala haya: ilianzaje, inamfunga nani, na inapata mtihani gani katika mji kama Makongolosi, wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya, ambako samaki hutoka ziwani na fedha ya kumnunulia hutoka katika mwamba wa dhahabu.

Ahadi hii ni ya kale kuliko nyumba yenyewe. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Mogadishu, akasimulia desturi ya mji ule. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani yake mfanyabiashara mmoja chomboni, akatangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni yule alikaa katika nyumba ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichohitaji. Aliyemlalia mgeni kwa bei ya chini mno, au aliyefanya naye biashara bila ya mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akaletewa wali wa samli pamoja na mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga.

Katika habari hii kuna jambo la kuzingatiwa. Sahani ilitangulia biashara. Kabla mgeni hajapima wala kupimiwa, alikuwa amekwisha kula, na kwa kula amekwisha kuweka maisha yake mkononi mwa mtu asiyemjua. Mwenyeji naye, kwa kumlisha, alikuwa amejifunga kumlinda. Chakula kilikuwa rehani ya uaminifu wote uliofuata, na aliyekula kwako hukuweza tena kumpunja bila kuivunja sahani yako mwenyewe. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Aghalabu tunaufahamu usemi huu kwa upande wa faida anayoleta mgeni, lakini wataka pia kufahamiwa kwa upande wa pili, kwamba mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni ikiwa mgeni hakupona kwake.

Miji ilipokua, wageni walizidi idadi ya wenyeji, na haikuwezekana tena kila mgeni kupata nyumba ya kumlaki. Hapo ndipo ukarimu ulipoanza kuuzwa. Mfano ulio karibu nasi ni Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja. Jina lake latokana na forodha, kwa kuwa hapo ndipo bidhaa za bandari zilipopitishwa kabla bandari haijahamishiwa Malindi katika miaka ya 1920. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka ishirini na mitano ya utawala, mahali hapo pakafanywa bustani. Jua likitua, wauzaji hupanga meza zao chini ya taa, wakaweka pweza, ngisi, kamba na jodari waliochomwa, na watu wa kila taifa huja kula wakiwa wamesimama au wameketi juu ya ukuta wa pwani. Katika mwaka 2008 na 2009 bustani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na kazi ilipokwisha meza zikarudi. Hapana ukuta wa nyumba pale, wala paa, wala mlango, lakini mtu hawezi kukana kuwa pale pana nyumba ya samaki iliyo hai. Kinachoifanya kuwa nyumba ni kule kurejea kwa muuzaji mahali pale pale, mbele ya watu wale wale waliokula jana, ambao kama waliumwa na matumbo wanajua pa kumtafuta.

Yafaa sasa tutazame kwa nini samaki aliyepikwa adai uaminifu mkubwa kuliko bidhaa nyingine. Mnunuzi wa kitambaa hukivuta na kukitazama mwangani. Mnunuzi wa samaki mbichi humfunua mashavu aone kama mna wekundu, humtazama macho kama yamezama, humbonyeza kwa kidole aone kama nyama inarudi. Samaki akikwisha kutiwa ndimu, chumvi na pilipili, akakaangwa mpaka akawa rangi ya kahawia, dalili zote hizo zimefutwa. Mlaji hana tena jicho wala kidole cha kumsaidia. Ana imani tu. Tena bidhaa mbovu ya namna nyingine hurudishwa dukani, lakini chakula kikikwisha kumezwa hakirudishwi. Kwa hiyo muuza chakula kilichopikwa si mfanyabiashara tu. Ni mtu aliyekabidhiwa amana. Mlaji hukabidhi mwili wake, naye hulipa juu yake.

Watunga sheria wa zamani walilijua jambo hili. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karibu miaka 3,750 iliyopita, imo sheria ya kumwadhibu mwanamke muuza pombe aliyepunja wateja kwa mizani na kipimo. Adhabu yake ilikuwa kutupwa majini. Ukali wa adhabu hatuupendi leo, lakini yapasa tuone kuwa mfalme yule alihesabu kilabu cha pombe kuwa mahali pa haki na dhuluma, sawasawa na mahakama na hekalu. Waislamu nao husimulia habari za Mtume alipopita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta chini mna unyevu uliofichwa na ukavu wa juu; akamkemea mwenye nafaka kwa kutouweka unyevu ule juu watu wauone. Funzo la habari hii ni pana. Muuzaji hakutiwa hatiani kwa sababu ya mvua iliyolowesha nafaka, kwa maana mvua si kazi yake. Alitiwa hatiani kwa kuficha. Tuishike tofauti hii, kwa kuwa tutaihitaji mbele.

Tuje sasa Makongolosi. Mji huu mdogo umo katika uwanda wa dhahabu wa Lupa, kwenye njia itokayo Mbeya kwa Chunya na kuendelea Rungwa na Itigi. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu wa mataifa na makabila mengi walimiminika huko kutafuta riziki. Mji wenyewe wa Mbeya ulipata sehemu kubwa ya ukuaji wake wa kwanza kwa sababu ya safari hizo. Baadaye uchimbaji mkubwa ulipungua, na mgodi wa Saza ulifungwa mwaka 1956. Lakini wachimbaji wadogo hawakuisha, na bei ya dhahabu ilipopanda, mitaa ilijaa tena. Katika mji wa namna hii karibu kila mtu ni mgeni. Mmoja ametoka Geita, mwingine Tabora, mwingine Iringa. Mama zao hawako wawapikie, wala wake zao, na aliyeshuka shimoni tangu alfajiri hana nguvu ya kuwasha moto jioni. Basi hula kwa mama lishe.

Usitafute huko jumba la samaki lenye umri wa karne, lenye picha za waasisi ukutani. Utakuta banda la mabati au la turubai, mabenchi mawili, ndoo ya maji ya kunawa, na kikaango juu ya makaa. Ugali upo, wali upo, na samaki wapo: kambare, na magege, ambao kwingine huitwa perege, waliotoka Ziwa Rukwa, wabichi au waliokaushwa kwa moshi. Banda lenyewe halidumu. Dhahabu ikionekana kwingine, wachimbaji huondoka, na banda huwafuata au hufa. Lakini kazi hii ya kuwalisha samaki wageni wa dhahabu imeambatana na uchimbaji wenyewe, nayo huzaliwa upya katika kila kambi. Tunaweza kusema kuwa Makongolosi ina nyumba moja ya samaki, iliyodumu kwa kuhamahama. Na kwa kuwa haina ukuta wala jina la kuitegemeza, hapa tunaiona ahadi ikiwa uchi, bila ya vazi la sifa. Muuzaji wa Forodhani huhofia kesho, kwa kuwa mlaji atarudi. Je, yule ambaye yeye na mlaji wake huenda wasionane tena mwezi ujao, ana sababu gani ya kuwa mwaminifu?

Kuna jambo moja katika wilaya hiyo linalotupa kipimo kizuri cha kufikiria. Mwaka 2019 serikali ilifungua masoko ya madini katika sehemu mbalimbali za nchi, na Chunya ikapata soko lake. Mchimbaji hupeleka dhahabu yake, ikapimwa mbele ya macho yake kwa mizani ya umeme, gramu na pointi zake, ikajulikana usafi wake, na bei ikasomwa. Ni jambo jema, kwa kuwa zamani wengi walipunjwa gizani. Lakini yatupasa kustaajabu kidogo. Chembe ya dhahabu isiyofikia punje ya mchele imewekewa mizani, mlinzi, karani na sheria. Sahani anayokula mchimbaji yule yule saa moja baadaye haina mizani wala karani. Tumejua kulinda kile atokacho nacho mtu mkononi kuliko kile kinachoingia kinywani mwake. Dhahabu hiyo haitamwingia katika damu. Samaki ataingia.

Wala hatari ninayoitaja si ya samaki kuoza peke yake, ambayo pua huijua. Iko hatari nyingine isiyo na harufu. Wachimbaji wadogo wengi husaga mawe katika karasha, wakaosha unga wake juu ya mwalo, kisha wakachanganya mchanga uliobaki na zebaki. Zebaki hukamata dhahabu na kuwa nayo donge moja. Donge hilo huminywa katika kitambaa, halafu huchomwa motoni mpaka zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Njia hii ni rahisi, ni ya haraka, na maskini anaiweza, na ndiyo sababu imeenea duniani kote penye uchimbaji mdogo. Lakini zebaki haikupotea. Ile iliyopaa huvutwa na mchomaji mwenyewe, na nyingine huanguka juu ya nchi. Ile iliyobaki katika marudio huchukuliwa na mvua mpaka vijitoni na mitoni.

Katika matope ya chini ya maji vidudu vidogo visivyoonekana huibadili zebaki hiyo ikawa ya namna nyingine, ambayo viumbe hai huinyonya kwa wepesi na kuitoa kwa taabu. Humwingia kiumbe mdogo, samaki mdogo akala wadogo wengi, samaki mkubwa akala samaki wadogo wengi, na kila hatua sumu huzidi kukusanyika. Ndiyo maana samaki mkubwa alaye wenziwe huwa na nyingi kuliko wote. Moto wa jikoni hauiondoi. Ndimu haiikati. Haina ladha wala rangi. Humdhuru mtu katika ubongo na mishipa ya fahamu, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni, hata mama yake akiwa haonyeshi dalili kubwa. Tena mto Lupa humwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, na Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutoka. Maji yake hupungua kwa jua tu. Kinachotelemka huko na maji hakina mlango wa kukipeleka baharini.

Makala haya hayamshitaki samaki wa Rukwa, ambaye amewalisha watu wa Nyanda za Juu na wa bondeni kwa vizazi vingi. Yanaonyesha njia ambayo sumu yaweza kupita, ili tuulize ni nani aliyewekwa mlinzi katika njia hiyo. Na tusidhani kuwa hili ni jambo la kubuni, kwa maana limekwisha kutokea mahali pengine, na dunia nzima inalijua kwa jina la mji lilipotokea.

Minamata ni mji wa pwani ya kusini ya Japani, ambao wavuvi wake walikula samaki wa ghuba yao kila siku. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga humo taka zenye zebaki tangu mwaka 1932 hadi 1968. Kwanza paka wa wavuvi walianza kuyumba na kuanguka kama walevi. Kisha watu wakapoteza nguvu za mikono, kuona na kusema, na watoto wakazaliwa na vilema. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwezi Mei 1956. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda, Hosokawa Hajime, alimlisha paka mmoja taka za kiwanda hicho, na paka akaugua ugonjwa ule ule. Matokeo hayo yalifichwa na wakuu wa kiwanda, na taka zikaendelea kumwagwa. Serikali ilikiri chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, miaka kumi na miwili baada ya kutangazwa kwake. Mwaka 1974 wavu mkubwa ulitandazwa kuizuia ghuba, samaki wake wasichanganyike na wengine, na haukuondolewa mpaka mwaka 1997, samaki walipotangazwa kuwa salama.

Tukirudia sasa ile habari ya nafaka, tutaona kuwa msiba wa Minamata ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa kutojua, na yaweza kusamehewa kwa kiasi chake. Sehemu ya pili ilikuwa kujua na kunyamaza, nayo ndiyo unyevu uliofichwa chini ya fungu kavu. Na angalia ni nani aliyelipa. Muuza samaki wa Minamata hakumwaga zebaki baharini, wala mvuvi, lakini sahani iliyoleta mauti ilipita mikononi mwao, na meza zao ndizo zilizokimbiwa. Mwenye nyumba ya samaki ni wa mwisho katika mlolongo mrefu, naye hubeba mbele ya mlaji uzito wa wote waliotangulia.

Wako watakaosema kuwa ni dhuluma kumtwika mama lishe wa Makongolosi mzigo huu. Hana maabara, hana kipimo, hakusoma elimu ya madini. Atajuaje kilichomo ndani ya kambare? Hoja hii ni ya haki, nami naikubali nusu yake. Hakuna awezaye kudaiwa amana ya kitu asichoweza kukijua. Lakini kuna mengi anayoyajua: samaki alifika lini, alinunuliwa kwa nani, mafuta yametumika mara ngapi, na kama huyu ametoka ziwani au ametoka katika dimbwi lililo chini ya mialo. Anapoulizwa, kusema kweli kuko katika uwezo wake. Nusu ya pili ya mzigo si yake. Ni ya wale wanaojua asichokijua. Deni la amana hufuata ujuzi. Ajuaye zaidi hudaiwa zaidi, ijapokuwa yuko mbali na kikaango.

Wengine watasema kuwa umaskini hauna nafasi ya kuchagua. Mchimbaji akiiacha zebaki leo, atakula nini leo? Nasi hatuna haki ya kuwahubiria wenye njaa kwa vinywa vilivyoshiba. Hata hivyo tazama jinsi mambo yalivyofungamana huko. Mchimbaji aliyechomea zebaki kando ya mto asubuhi ndiye mlaji wa samaki jioni. Aliyechafua na aliyechafuliwa ni mtu mmoja, ila nafsi yake ya asubuhi haijaijua nafsi yake ya jioni. Tena kuna mkewe, na kuna mtoto asiyezaliwa, ambaye hakupata gramu wala pointi katika dhahabu ile. Umaskini waweza kumwondolea mtu lawama ya anachojitenda mwenyewe. Hauwezi kumpa ruhusa juu ya mwili wa mwingine. Na kwa kuwa mchimbaji hawezi kuutua mzigo huu peke yake, anunuaye dhahabu yake, atozaye kodi yake, na avaaye pete yake mbali huko, wote wana sehemu katika gharama ya kubadili njia.

Wa tatu watasema kuwa maneno ya namna hii yataua biashara, afadhali kunyamaza. Hawa ndio wa kuogopwa, maana hoja yao inavaa vazi la huruma. Lakini kimya hakikuokoa biashara ya samaki wa Minamata, kilichelewesha tu siku ya kuanguka kwake na kuzidisha idadi ya wagonjwa. Kilichoirudisha ghuba ile katika hali ya kuaminiwa ni kupimwa samaki wake mbele ya watu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wavu ukaweza kuondolewa kwa haki. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Samaki mwema wa Rukwa hana hofu na mizani.

Sheria si haba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuhatarisha mito na maziwa ndani ya mita 60 za kingo zake. Mkataba wa mataifa uitwao kwa jina la Minamata ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nao unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo zipunguze zebaki, na hasa zikomeshe kuichoma wazi na kuichoma katika makazi ya watu. Vipo vyombo vya kukamata mvuke wa zebaki ili itumike tena isipae, na zipo njia za kutenga dhahabu kwa maji na uzito wake peke yake. Basi ikiwa serikali imeweza kujenga mahali pa kupimia dhahabu, yaweza pia kuweka utaratibu wa kupima samaki wauzwao katika miji ya dhahabu, na kuwatangazia walaji na wauzaji matokeo kwa maneno wanayoyafahamu.

Na hapa hoja inatugeukia sisi tusomao kurasa hizi. Ujuzi juu ya zebaki, mito na samaki upo katika vyuo vyetu, lakini kwa sehemu kubwa umeandikwa kwa lugha ya kigeni, umefungwa katika majalada, na husomwa na watu ambao hawali kwenye mabanda yale. Mama lishe wa Makongolosi huuza, hupatana bei, huomba na hulia kwa Kiswahili. Jambo lisilofika katika lugha hiyo halijamfika. Mwanachuoni ajuaye hatari na kuiacha katika lugha isiyojulikana na wanaohatarishwa, hakudanganya. Lakini nafaka yake ni kavu juu na mbichi chini. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwalimu wa madini, na nimekuwa nikisikia ikisemwa kuwa kazi ya lugha ni uzuri wa maneno. Uzuri una haki yake. Lakini lugha nayo ni kama nyumba ya chakula: watu huingia humo na kupokea wanachopewa, kwa kuwa hawana pengine pa kula. Anayeitumikia anadaiwa kuhakikisha kuwa habari ya uhai na mauti haikosekani mezani.

Nilijiuliza mwanzoni kitu gani hudumu katika nyumba iliyobadilika yote, na baadaye nikauliza sababu gani anayo ya kuwa mwaminifu muuzaji ambaye hatamwona tena mlaji wake. Naona maswali haya yana jibu moja. Ahadi inayotimizwa kwa sababu mlaji atarudi ni nusu ahadi na nusu hesabu ya faida. Ahadi inayotimizwa kwa mpita njia ambaye hatarudi, hana njia ya kuchunguza, wala hatapata kujua kama alitendewa haki, hiyo ndiyo iliyo kamili, na ndiyo ileile iliyochukuliwa katika sahani zilizofunikwa kule Mogadishu. Kwa kipimo hiki, banda la turubai lililosimama tangu mwezi jana laweza kuwa limeishika kazi ya kale zaidi kuliko jumba lenye sifa ya miaka themanini ambalo mwenyewe ameacha kuuliza samaki wake wametoka wapi. Umri wa nyumba ya chakula huanza upya kila mlaji anapoketi. Mchimbaji wa Makongolosi atanawa mikono jioni hii, ataivuta sahani, na atakula bila kuuliza kitu, kwa kuwa ana njaa na kwa kuwa ametuamini. Ametuamini sote: aliyevua, aliyepika, aliyeosha dhahabu kando ya mto, aliyetunga sheria, na aliyesoma vitabu. Tujitahidi asiwe amekosea.